Aqua kutoa kilomita 14 kwa lita mjini

Mkuu, umesema Toyota Aqua yako inatoa kilomita 14 kwa lita mjini; hiyo ni kidogo kwa gari hili la haibridi, linalotumia injini pamoja na mota ya umeme. Anza na matairi: pima upepo yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva. Oili ya injini iwe 0W-20, yaani ile nyepesi. Kisha safisha tundu la hewa la feni ya betri kubwa ya haibridi, pembeni mwa kiti cha nyuma, ambalo mafundi wengi hawaligusi. Likiziba vumbi, betri inapata joto, kompyuta inaipunguzia kazi na mzigo unaangukia injini. Breki kanyaga mapema, taratibu, umeme urudi kwenye betri. Ukikanyaga ghafla nguvu hiyo inaishia kuwa joto kwenye pedi. Kwenye foleni usiweke gia ya N (huru), betri haichaji hapo. Gia ya B, inayotumia injini kupunguza mwendo, iache kwa miteremko mirefu.