Kazi ya mfumo haiishii kwenye ripoti
Umeuliza kampuni za kimataifa zinatumiaje mifumo ya taarifa za usimamizi (programu zinazokusanya na kuchakata data za kampuni) zaidi ya kutoa ripoti. Uzito wa mifumo hiyo unauona wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Kwa kawaida kila kampuni tanzu, yaani inayomilikiwa na kampuni mama, hufunga vitabu kwa sarafu ya nchi yake. Mfumo hubadilisha mapato na matumizi kwa kiwango cha wastani cha ubadilishaji fedha cha mwezi, mali na madeni kwa kiwango cha siku ya mwisho, kisha hufuta mauziano kati ya kampuni za kundi lilelile. Tanzu moja ikiandika ankara tarehe 31 na nyingine ikaiingiza tarehe 2 ya mwezi unaofuata, hesabu hazilingani, na hapo mhasibu anaitafuta tofauti kwa mkono.

Lakini kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni data za msingi: namba ya bidhaa, vipimo, idadi kwa katoni. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipofungua maduka Kanada mwaka 2013, vipimo vingi viliingizwa vibaya, vingine kwa inchi badala ya sentimita. Maghala yakafurika huku rafu ziko tupu, na Januari 2015 ikatangaza kujiondoa. Kwa hiyo kabla ya kununua programu yoyote, amueni kwanza nani pekee ana ruhusa ya kufungua namba mpya ya bidhaa, na nani anaihakiki.