Unaanza kusoma biashara na dini za zama za kati? Shika barua kwanza

Ukiingia mwaka wa kwanza wa historia utakuta zama za kati zimekatwa vipande: wiki hii biashara, wiki ijayo dini, mwisho wa muhula jamii. Mgawanyo huo humsaidia mhadhiri kupanga ratiba yake, lakini wewe usiuamini sana. Nimefundisha wanaoanza kwa muda wa kutosha kuona wanaokwama ni akina nani: ni wale wanaoanza na ramani kubwa yenye mishale ya hariri na viungo. Mtafute mfanyabiashara mmoja ukae naye.

Mimi huwapa Abraham Ben Yiju, Myahudi aliyetokea Mahdia, Tunisia, akapita Aden, kisha akaishi Mangalore, pwani ya magharibi ya India, kati ya miaka ya 1132 na 1149. Alisafirisha pilipili manga, iliki, popoo na chuma, na alikuwa na karakana ya vyombo vya shaba. Barua zake zimetufikia kwa sababu ya dini. Kwa Wayahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi ovyo, na sinagogi ya Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya kale, ilikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zilizochakaa, kiitwacho geniza. Humo zikaingia vitabu vya ibada, na pamoja navyo hati za madeni, mikataba ya ndoa na orodha za mizigo. Sehemu kubwa aliichukua msomi Solomon Schechter kuipeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1896 na 1897. Leo huko kuna vipande takriban 193,000. Kwa hiyo kabla hujasoma neno moja kuhusu bei ya pilipili, dini imeshaamua ni karatasi zipi zitakufikia. Uliza swali hilo kwa kila chanzo: nani alikihifadhi, na kwa nini?

Geuza karatasi pia. Mangalore karatasi ilikuwa adimu, na rafiki za Ben Yiju wa Aden walimtumia kama zawadi, pamoja na sukari na zabibu. Hivyo mgongo wa barua ya biashara ulitumika tena: hesabu, mashairi, maoni juu ya sheria za dini. Mwanafunzi anayesoma upande mmoja tu atamwona mfanyabiashara akamkosa msomi, na walikuwa mtu mmoja.

Sasa soma salamu za mwisho, zile ambazo wengi huziruka. Ben Yiju alikuwa na mtumwa aliyeitwa Bama, aliyevuka bahari kwenda Aden na mizigo pamoja na fedha za bwana wake, na wafanyabiashara wa Aden walimtumia salamu kwa heshima. Upande mwingine yupo Ashu, mwanamke mtumwa ambaye Ben Yiju alimwandikia hati ya kumwacha huru tarehe 17 Oktoba 1132. Wanahistoria wengi wanaamini ndiye aliyemzalia watoto wake. Ukiwaweka Bama na Ashu mezani, sentensi ya mtihani inayosema kwamba “watu wa dini mbalimbali waliishi kwa amani bandarini” inaanza kuyumba. Ni kweli Madmun, kiongozi wa wafanyabiashara wa Aden, alipendekeza kuungana na Wahindi wa Mangalore, mmoja wao Baniani, kuandaa meli ya pamoja. Lakini ushirika wa meli na umiliki wa binadamu viliishi katika nyumba moja. Yaandike yote mawili.

Jambo la upepo mtu wa pwani yetu analielewa haraka kuliko mwanafunzi wa London. Meli za Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, zilikuja Aden kwa kaskazi na kurudi mwishoni mwa kusi, pepo zilezile zilizoleta majahazi Kilwa. Ukikuta barua ya lawama, usidhani jibu lilifika wiki ya pili. Huenda lilingoja msimu mzima, na mwandishi aliandika akilijua hilo.

Hapo ndipo mjadala wa uaminifu unapoanza: unamkabidhije mtu mali ukae mwaka bila kumwona? Mwanauchumi Avner Greif alidai kwamba wafanyabiashara hawa walilindana kwa sifa, kwamba aliyedanganya mmoja alitengwa na wote. Jeremy Edwards na Sheilagh Ogilvie wakapinga, wakionyesha kwamba mahakama na mikataba ilitumika sana. Usichague upande siku ya kwanza. Chukua barua moja ya ugomvi, angalia mwandishi anatishia nini: kadhi, baraza la dini, au aibu mbele ya watu.

Na usiache Kilwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, na maelezo yake juu ya sultani ni mafupi kiasi kwamba yanasomeka kwa kikao kimoja. Anataja uvamizi alioufanya sultani bara, ngawira, fungu moja kati ya matano lililotengwa kwa mujibu wa sheria, na masharifu kutoka Hijazi waliokuja kupokea. Vita, ibada na mgawanyo wa mali katika aya moja! Dhahabu ya Sofala, iliyoutajirisha mji huo, anaigusa kwa maneno machache tu aliyoyasikia kwa mfanyabiashara; mengine utayasoma kwingine. Usimlaumu msafiri kwa kutojibu maswali yako yote.

Kuhusu tarehe: jifunze mapema kubadilisha kalenda. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hati nyingi za Fustat zinahesabu kwa kalenda ya kale ya Seleuki, ambapo unatoa 311 au 312 kulingana na mwezi ili kupata mwaka wa kalenda yetu ya sasa. Anayepuuza hili huwa na meli zinazofika kabla hazijaondoka.

Lugha isikutishe. Barua hizi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Huhitaji kuzisoma mwenyewe mwaka wa kwanza. Picha nyingi ziko bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Cambridge, na mradi wa Geniza wa Chuo Kikuu cha Princeton una maelezo na tafsiri za Kiingereza. Tafuta jina la Ben Yiju, chagua barua moja, uje nayo kipindi kijacho ikiwa imechapishwa pande zote mbili.