Minofu ya samaki wa friza: shughulikia maji kwanza

Wengi wanaosema samaki wa friza hana ladha wanamlaumu samaki bure. Kilichowaharibia chakula ni maji: yaliyoganda ndani ya nyama, yaliyoganda juu yake, na yaliyojaa kwenye trei kwa sababu mnofu uliingizwa katika oveni huku bado unachuruzika. Nimepika minofu ya friza nyumbani kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoipika ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba viungo ni jambo la mwisho kabisa. Ukiyamudu maji, chumvi na mafuta peke yake vinatosha.

Nyama ya samaki sehemu yake kubwa ni maji. Yakiganda hugeuka chembe za barafu, na chembe hizo hutoboa seli za nyama. Samaki akigandishwa haraka kiwandani, chembe huwa ndogo na hasara huwa ndogo. Akiganda polepole katika friza ya nyumbani, chembe hukua na kuchana zaidi. Siku ya kumyeyusha, maji hutokea kwenye matundu hayohayo. Ndiyo yale unayoyakuta yametuama chini ya sahani, na yakitoka huondoka na ladha. Juu ya hayo kuna utando wa barafu ya nje, ambao wasindikaji huuweka makusudi kwa kumchovya samaki katika maji baridi baada ya kuganda, ili asikauke. Una faida yake, ila nao lazima uondoke kabla ya kuoka. Mnofu wenye mabaka meupe yaliyokauka ni ule ambao hewa ya friza imeufikia. Haudhuru, lakini mabaka hayo hayarudi kuwa laini kwa vyovyote, kwa hiyo mimi huyakata.

Njia ninayoipenda ni ya friji. Usiku kabla ya kulala weka minofu juu ya chujio au kijiwavu, chini yake bakuli, ifunike, kisha iweke rafu ya chini ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Friji iwe na nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Kufikia kesho yake mnofu wa unene wa kawaida utakuwa umelainika. Chujio usiliache. Mnofu unaolala ndani ya maji yake mwenyewe huamka umelegea na una shombo.

Hapa naomba usome polepole. Ikiwa minofu imo katika pakiti iliyofyonzwa hewa, ile inayong'ang'ania nyama pande zote, itoboe au uitoe kabisa kabla ya kuanza kuyeyusha. Kuna bakteria, Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo hewa, na aina yake inayopatikana kwa samaki inaweza kukua hata katika baridi ya friji. Sumu yake ni ya hatari sana, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka wala kubadilika rangi. Hewa ikiingia, bakteria huyo hapati mazingira anayoyataka. Ni kazi ya kisu na sekunde chache, na nasikitika kwamba watu wengi hawajawahi kuambiwa.

Ukichelewa, tumia maji baridi ya bomba. Mfuko usiopitisha maji, mnofu ndani, uzamishe, ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Minofu myembamba huwa tayari ndani ya saa moja au chini yake, na ipikwe papo hapo. Maji ya moto hapana, na kuiacha juu ya meza ya jikoni hapana pia. Nje hupata joto zamani huku katikati bado ni jiwe, na kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huzaana kwa kasi. Maikrowevu huivisha kingo kabla katikati haijayeyuka, kwa hiyo siitumii.

Sasa kukausha, hatua ambayo watu huiruka kuliko zote. Chukua tishu za jikoni au kitambaa safi, ukandamize mnofu juu na chini, usiufute tu. Nyunyiza chumvi, acha dakika 15, utaona matone yamejitokeza. Kausha tena. Nikiwa na nafasi hutengeneza maji ya chumvi, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja ya maji baridi, nikazamisha minofu kwa dakika 15 kisha nikaikausha vizuri. Chumvi hiyo huingia ndani kidogo, hukaza nyama inayotaka kumeguka, na hupunguza ule utomvu mweupe unaoganda juu ya samaki, hasa samoni, anapookwa. Utomvu huo ni protini tu na unalika, ila ukitoka mwingi ujue nyama inakauka.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200 hadi 220, kabla samaki hajaingia. Oveni ya uvuguvugu humchemsha samaki katika majimaji yake. Paka mafuta mnofu wenyewe, tandika karatasi ya kuokea, acha nafasi kati ya mnofu na mnofu ili mvuke upate njia. Ncha nyembamba ya mkiani ikunje chini, unene ulingane. Kwa hesabu, pima sehemu iliyo nene zaidi: sentimita 2.5 ni takriban dakika 10, na mimi huanza kuchungulia kabla muda haujaisha. Chomeka uma katikati ukauzungushe kidogo. Nyama ikiachana vipande vipande na ule uangavu umetoweka, toa. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 katikati.

Ndimu nayo ina wakati wake. Tindikali yake hupunguza shombo, lakini ukiikamulia saa nzima kabla, hukaza nyama na kukamua maji yake nje. Kamulia samaki akishatoka kwenye moto.

Na kuoka bila kuyeyusha? Inawezekana, kwa minofu myembamba. Isuuze kwa maji baridi mpaka utando wa barafu utoke, ikaushe, ipake mafuta, ioke nyuzi 220. Ongeza nusu ya muda wa kawaida, mara nyingine zaidi, na katikati ya safari fungua oveni umwage maji yaliyojikusanya kwenye trei. Chumvi na viungo viweke wakati huo, maana mwanzoni vitateleza tu na barafu. Mnofu mnene sikushauri, kwani kingo zitakakamaa ukingoja katikati paive.

Minofu iliyoyeyukia kwenye friji ikabaki, unaweza kuigandisha tena ikiwa mbichi bado, ila itapoteza maji mara ya pili. Mimi naona heri kuioka yote siku hiyohiyo. Iliyobaki ikishaiva hukaa vizuri friji siku tatu, ikachambuliwa kwenye wali au mkate bila hata kupashwa moto.