Jibu: Faili linashuka kwa jina la download.php badala ya jina lake

Yakhe, umeuliza kwa nini mtu akishusha faili kwenye tovuti yenu linamjia kwa jina la download.php; hiyo PHP yako (programu ya kwenye seva inayotoa faili) haina kosa, brauza ndo haijaambiwa jina, sasa inachukua kipande cha mwisho cha anwani na kwako kipande chenyewe ni download.php, bas. Tuma heda hii (mstari wa maelezo ambao seva inautuma mbele ya faili) kabla hujatoa kitu chochote, hata nafasi tupu juu ya <?php isiwepo:

Content-Disposition: attachment; filename="orodha ya wanafunzi.pdf"

Hizo alama za kufungua na kufunga (" ") usiziache, maana jina lenye nafasi bila hizo Firefox ilikuwa inalikata pale kwenye nafasi ya mwanzo, mtu anabaki na "orodha" tu hata .pdf hana.

Umesema pia majina mengine ya madrasa yenu hapo Wete, Pemba, yameandikwa kwa Kiarabu, hapo filename ya kawaida haikutoshi, ongeza na ya nyota:

filename*=UTF-8''jina

Na hilo jina ulipitishe kwanza kwenye rawurlencode, amri ya PHP ya kugeuza herufi ziwe salama kutumwa, si urlencode, kwani ile ya pili inageuza nafasi kuwa + na alama ya kujumlisha itatokea mpaka kwenye simu ya mzee wa mwanafunzi. Weka zote mbili, brauza za sasa zinaipa kipaumbele ya nyota, ndivyo RFC 6266 ya 2011, waraka wa kanuni za heda hii, inavyotaka.

Ile download="..." ya kuandika jina la faili ndani ya linki ya HTML mie siitegemei, faili likiwa seva nyengine haifanyi kazi.