Maswali ya wapiga besi: nyuzi za kuchemsha, vidole vifupi na mkono wa kushoto wa kinanda

Meseji za gitaa la besi zimejaa, naanza na hizi, watu wa magitaa ya solo na ridhim mnivumilie kidogo.

Kaka, seti ya nyuzi za besi ni hela ndefu. Fundi kanambia nichemshe za zamani, ni kweli au ananizingua?

Kweli kabisa, hajakuzingua. Uzi wa besi mara nyingi haufi kwa kuchakaa, unakufa kwa uchafu, yani jasho na mafuta ya vidole vinaingia kwenye mikunjo ya ule waya uliozungushwa nje, afu sauti inalala kama unapiga kamba ya katani. Zitoe, zikunje mduara mkubwa, zitie kwenye maji yanayochemka kama dakika kumi hivi, utaona maji yanabadilika rangi na juu kunakaa utando kama wa supu. Zikaushe vizuri sana, hasa zile ncha zilizofungwa nyuzi za rangi, maana sisi wa pwani kutu haitusubiri. Zitang'aa tena kwa muda mfupi tu, sio milele, na ukirudia rudia zitaanza kukatikia pale zinapozungushwa kwenye ufunguo.

Ila usidhani uzi mzee ni ugonjwa. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo kibao za Motown, ile kampuni ya rekodi kule Detroit, alikuwa na besi ya Fender Precision ya 1962 yenye nyuzi nene laini zisizo na mikunjo, na alikuwa habadilishi mpaka ukatike. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Sauti yote ile nzito tamu unayoisikia, kidole kimoja!

Shikamoo mwalimu. Mi ni msichana, vidole vyangu vifupi, huku chini karibu na kichwa cha gitaa sifiki freti nne (vile vyuma vya kwenye shingo) hata nikijinyoosha. Niache besi nihamie kinanda?

Marahaba mwanangu, usiache. Hiyo ya kila kidole na freti yake, freti nne kwa mpigo, huku chini inawatesa hata wanaume wenye mikono mirefu. Fanya kama wanavyofanya wapiga besi kubwa ya kusimama: shahada freti ya kwanza, cha kati ya pili, kidole kidogo ya tatu, na cha pete kinakaa pembeni ya kidogo kukisaidia kubonyeza. Ukitaka freti ya nne unasogeza mkono mzima, hujinyooshi. Ukishapita freti ya tano hivi nafasi zinabana, hapo ndo utumie vidole vyote vinne. Na angalia dole gumba, likichungulia juu ya shingo ya gitaa umeshapoteza nusu ya urefu wako, lishushe likae nyuma katikati. Besi za kawaida uzi una inchi 34, zipo za inchi 30, ile besi ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles ni ya huko huko, kwahiyo sio gitaa la watoto, ila jaribu kwanza hayo kabla hujatoa hela.

Ninunue besi aktivu (yenye kikuza sauti cha betri ndani) au pasivu (isiyo na betri)?

Yoyote, ila kama ni aktivu tembea na betri ya volti 9 ya akiba mfukoni, na ukimaliza chomoa jeki, ile plagi ya waya, kwenye gitaa, kwa sababu gitaa nyingi za hivyo zinakula betri muda wote jeki ikiwa ndani. Mi iliniishia katikati ya harusi, maharusi ndo wanaingia ukumbini, sauti ikaanza kukwaruza, ikapungua, ikakata, na ile sura ya bibi harusi alivyogeuka kuangalia jukwaani bado naiona.

Bro, mpiga kinanda wetu kanisani mkono wa kushoto anapiga besi ibada nzima, mi niko pale pale. Mtu wa mitambo anasema mimi ndo navuruga.

Hili ni tatizo la makanisa mengi sana na sio la kwako peke yako. Uzi wako wa chini kabisa, E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kule chini sauti mbili zikitofautiana hata kidogo tu, au mmoja akiwahi na mwingine akachelewa, watu hawasikii noti mbili, wanasikia ngurumo. Mtu wa mitambo akisikia ngurumo anashusha besi, basi, na wewe unaongeza nguvu ya vidole, inazidi kuharibika.

Usimwambie siku ya ibada mbele za watu. Mfuate siku ya mazoezi, kaeni wawili tu, mwombe wimbo mmoja mkono wa kushoto usishuke chini ya do ya katikati ya kinanda, mrekodi kwa simu, afu mpige tena kama mlivyozoea, mrekodi. Sikilizeni zote mbili pamoja. Sijaona mpiga kinanda mwenye masikio akakataa baada ya hapo. Na wewe upande wako shika kiki ya drams, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ikigonga noti yako ianze hapo hapo, afu uikate. Kukata ndo watu wanasahau! Unauachia uzi kidogo bila kuutoa kidole, unanyamaza.

Nimsikilize nani?

Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na vijana waliotoka Simba Wanyika. Weka "Sina Makosa" kwenye hedifoni, sio spika ya simu maana haitoi besi kabisa, na usifuate maneno, kamata besi tu mwanzo mpaka mwisho. Noti sio nyingi. Anapiga, anaacha, na kwenye ile nafasi aliyoacha ndo unasikia ridhim ya Omari Shabani inapita. Mi nimeipiga hiyo besi miaka na miaka na noti zote ninazo, ila kuna zile sehemu anazonyamaza, bado nazitafuta.