Kabla hujamchoma dume wako sindano ya kunenepesha

Mwaka juzi, Jumamosi mnadani Msalato, Dodoma, kijana alinisogelea na kichupa mfukoni. "Mzee, sindano moja tu, mwezi mmoja dume anajaa mapaja." Lebo ilikuwa imekwanguliwa, limebaki nusu ya neno. Nyumbani nilikuwa na madume sita, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Hela nilishaitoa.

Kilichoniokoa ni tamaa. Nilimpigia kwanza mchuuzi anayenichukulia ng'ombe, nijue atapandisha bei kiasi gani. Akauliza: "Umewapa nini, na umeandika wapi?" Sikuwa na jibu, nikarudisha hela mfukoni.

Swali lake lina uzito, maana sheria za homoni za kunenepesha ng'ombe hazifanani. Marekani wameruhusu homoni sita kwa ng'ombe wa nyama. Nyingi ni vidonge vidogo vinavyopachikwa chini ya ngozi ya sikio, na sikio lenyewe hutupwa wakati wa kuchinja. Umoja wa Ulaya umezikataa, na tangu 1989 haupokei nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Ulaya wanasema estradioli, mojawapo ya homoni hizo, inaweza kuleta saratani. Wamarekani wanasema kinachobaki kwenye nyama ni kidogo mno. Walishitakiana hadi Shirika la Biashara Duniani, Ulaya wakashindwa mwaka 1998, na bado marufuku hawakuiondoa. Kwa hiyo ng'ombe yuleyule ni halali Marekani, haramu Ulaya.

Ila daktari wa mifugo ndiye aliyenimaliza. Alicheka. Homoni hizo, alisema, hazina kazi kwa ng'ombe mwenye njaa. Zinasukuma chakula kiende kwenye nyama, sasa chakula chenyewe kiko wapi? Tena wenzetu huwapa zaidi maksai, ambao wamepoteza homoni zao walipohasiwa. Dume asiyehasiwa anatembea na zake.

Basi fanya nilivyofanya. Kichupa kisicho na lebo usikiguse, hata ukipewa bure. Wape dawa ya minyoo kwanza, kisha mashudu ya alizeti (huku kwetu na Singida hayakosekani), pumba, molasi kidogo na maji muda wote. Anza taratibu, mimi niliwajazia pumba siku ya kwanza, mmoja akavimba tumbo usiku kucha.

Na nunua daftari. Jina la dawa, tarehe, siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Langu linaning'inia kwenye msumari mlangoni pa zizi, limeliwa pembe moja na mbuzi. Yule mchuuzi akija siku hizi analisoma kwanza, ndipo anaomba kuona ng'ombe.