Usimwage dawa hiyo kwenye mashina ya maboga

Ndugu muuliza, naomba uiweke chupa hiyo chini kwanza, mengine yatafuata. Umeandika kwamba nyuki na vipepeo wamepungua bustanini mwako kwa misimu miwili mfululizo na kwamba viboga vichanga vinageuka manjano na kudondoka vikiwa na ukubwa wa kidole gumba, kisha ukauliza upande maua gani, kama uweke mzinga, na kama taa ya nje inaweza kuwa ndiyo chanzo. Halafu katika mstari wa mwisho, kana kwamba ni jambo dogo, ukataja kuwa Jumamosi hii utamwaga dawa ya vidukari kwenye mashina, kwa sababu muuzaji amekuhakikishia kwamba dawa isiyopulizwa haiwadhuru nyuki. Mstari huo ndio ulioniketisha kuandika. Maneno hayo nami niliambiwa miaka minne iliyopita, karibu neno kwa neno, nikayaamini, na hadi leo bustani yangu haijarudi ilivyokuwa.

Vidukari walikuwa wameenea chini ya majani ya matango na maboga. Majani yalijikunja, yalinata ukiyashika, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka siku nzima kuwachunga. Nilikwenda dukani nikitafuta dawa ya kupulizia, na muuzaji akanishauri niachane na bomba, kwa kuwa dawa ya kupulizia huua nyuki, akanipa ya kuchanganya na maji na kumwaga kwenye shina. Maelezo yake yalikuwa na mantiki iliyoniridhisha: mmea utainywa dawa, kidukari anayefyonza utomvu atakufa, na nyuki, ambaye hali jani wala hafyonzi shina, hatakutana nayo kamwe. Nilimuuliza mara mbili kuhusu nyuki, kwa sababu ndio waliokuwa wakinitia wasiwasi, na mara mbili akanijibu kwamba hawaguswi. Nikamwaga kama alivyoelekeza. Baada ya siku kumi nikamwaga tena, safari hii kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa kuwa nilitaka kuwamaliza kabisa.

Katika wiki mbili hapakuwa na kidukari hata mmoja. Majani yalinyooka na kung'aa, na kila aliyepita nilimsifia dawa ile. Kisha maua yakaanza kufunguka.

Nitaeleza kinachotokea ndani ya mmea, kwa sababu muuzaji wako hakukueleza, na wangu pia hakunieleza. Maji yanayopanda kutoka mizizini hayaishii kwenye majani. Jani na ua hulishwa na mmea mmoja kwa mirija iliyounganika, kwa hiyo dawa iliyoyeyuka ndani ya maji hayo hufika pia kwenye chavua na kwenye mbochi, ule utamu ulio chini kabisa ya ua ambao nyuki huufuata. Ua la boga hufunguka alfajiri na mara nyingi hunyauka kabla ya adhuhuri, na ua jike hupata asubuhi moja tu katika uhai wake. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, upepo hauwezi kuibeba, na mgeni mmoja mara nyingi hatoshi: nyuki kadhaa wanapaswa kutoka ua dume na kuingia ua jike ndipo boga litungike vizuri. Wasipokuja, kiboga hugeuka manjano na kudondoka, na kikishikilia hukua kwa kupinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa. Hicho ndicho unachokiona sasa, na unataka kukitibu kwa kuwanywesha sumu wageni wachache waliobaki.

Asubuhi niliyotambua kosa langu naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya ua dume lililofunguka kabisa, na ndani yake alikuwamo nyuki mdogo wa kahawia, mwenye chavua ya manjano hadi mabegani. Nilifurahi kumwona, kwa sababu nilikuwa sijamwona yeyote kwa siku kadhaa. Lakini hakuwa akifanya kazi. Alikuwa akijisafisha vipapasio kwa miguu ya mbele, akirudia na kurudia bila kukoma, kisha akapiga hatua mbili, akazunguka palepale, akaanguka chali na kuendelea kuchezesha miguu hewani. Nilimgeuza kwa jani la nyasi. Alisimama, akajisafisha tena, akaanguka tena. Nilikaa naye karibu nusu saa na hakuweza kuruka. Ua lilipoanza kujikunja kwa jua, bado alikuwa humo ndani.

Kando ya njia yangu ya kupitia kuna kipande cha udongo mtupu, mgumu kidogo, kinachopata jua la asubuhi. Kabla ya msimu ule kilikuwa na matundu madogo yenye upana wa penseli, kila moja likizungukwa na kifusi cha udongo laini kama kichuguu kidogo. Kwa muda mrefu nilidhani ni ya sisimizi, hadi nilipomwona nyuki akiingia na chavua miguuni. Niliwahi kuyahesabu nikapata 31. Msimu uliofuata baada ya dawa yalikuwa 2.

Hapa ndipo maneno ya muuzaji yalipokuwa na hatari kubwa kuliko yote. Tunaposema nyuki, wengi wetu tunafikiria mzinga na asali, ilhali duniani kuna takriban spishi 20,000 za nyuki, nyingi zikiishi mmoja mmoja bila malkia wala mzinga, na kwa makadirio karibu asilimia 70 ya spishi zote hutaga mayai yao ardhini. Nyuki hao hukaa ndani ya udongo uleule unaoumwagia dawa. Huipata kwenye chavua, huipata kwenye mbochi, na huigusa wanapochimba. Nilikuwa nimeingiza sumu ndani ya nyumba zao na ndani ya chakula cha watoto wao kwa wakati mmoja, kwa mkono wangu, huku nikiamini kwamba nawalinda.

Usidhani ninakueleza hisia tu za mtu aliyeharibikiwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka 3 juu ya nyuki wa maboga, aina inayochimba kiota ardhini. Pale ambapo imidaklopridi, kiambato cha kuua wadudu, iliwekwa kwenye udongo wakati wa kupanda, nyuki hao walianzisha viota pungufu kwa asilimia 85 na kuzaa watoto pungufu kwa asilimia 89, wakilinganishwa na wale wa mahali pasipo na dawa. Nilipoisoma taarifa hiyo nilikwenda kuitazama chupa yangu tena. Kiambato kilikuwa hichohicho, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma. Tazama na wewe: imidaklopridi, klothianidini au thiametoksamu. Hayo matatu Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mwaka 2018 kwa matumizi yote ya nje, yakaruhusiwa tu ndani ya vitalu nyumba vya kudumu, na sababu iliyotolewa ilikuwa nyuki.

Nilimrudia muuzaji yule. Sikwenda kugombana, nilitaka tu asimwambie mwingine alichoniambia. Alinijibu kwamba wadudu wanapungua dunia nzima na kwamba nisiisingizie dawa yake. Jibu hilo ndilo lililonikasirisha kuliko lile la kwanza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba wadudu wanapungua. Taarifa iliyotoka Ujerumani mwaka 2017, iliyotokana na mitego iliyowekwa katika hifadhi 63 na wapenzi wa wadudu wa mji wa Krefeld, ilionyesha kwamba uzito wa wadudu wanaoruka ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27, na hizo ni hifadhi, mahali palipotengwa ili wasalie. Sababu ni nyingi na zimefungamana: makazi yanayokatwa vipande, dawa za mashambani, taa za usiku, joto. Lakini mtu anayechukua msiba wa dunia nzima na kuugeuza kinga ya chupa moja dukani kwake anakudhulumu. Siwezi kuyarudisha makazi yaliyopotea mbali nami. Udongo wa bustani yangu ulikuwa mikononi mwangu, na uliharibiwa na mimi.

Gharama yake niliilipa kwa misimu miwili. Kila alfajiri nilikata ua dume, nikaling'oa petali zake, na kulipakaza chavua yake katikati ya kila ua jike lililofunguka, moja baada ya jingine, nikikimbizana na jua. Jirani aliniita mkunga wa maboga, nami nikamjibu kwamba mkunga angalau huletewa chai. Siku niliyochelewa, maua ya siku hiyo yalipotea yote. Isitoshe, utitiri mwekundu ulilipuka kwenye matango mwaka uleule, jambo ambalo limewahi kuonekana mara nyingi baada ya imidaklopridi, kwa kuwa dawa hiyo haiui utitiri. Nzi wa maua, ambao mabuu yao hula vidukari, nao walitoweka, kwa hiyo vidukari waliporudi hawakumkuta adui. Kidukari jike huzaa bila dume na kizazi kipya hukomaa kwa siku chache. Nyuki wengi wa ardhini hutoa kizazi kimoja tu kwa mwaka, tena wale wadogo hawasafiri mbali, kwa hiyo ukiwamaliza usitegemee kwamba wa jirani watakuja kesho kujaza nafasi. Dawa yenyewe nayo huweza kukaa udongoni miezi mingi, na katika baadhi ya udongo zaidi ya mwaka.

Nilifanya pia kosa la pili, dogo kuliko la kwanza, ambalo linagusa swali lako la maua. Katika jitihada za kuwarudisha nyuki nilinunua miche ya maua iliyostawi vizuri, nikaipanda kando ya njia, na nikashangaa kuona hata jani moja halijatobolewa na kiwavi. Nilipouliza ilikokuzwa, nikaambiwa kwamba udongo wa vyungu ulikuwa umetiwa dawa ya aina ileile. Nilikuwa nimeirudisha mlangoni mwenyewe. Kwa hiyo sitakupa orodha ya maua. Panda mbegu mwenyewe, mbegu zisizopakwa dawa, alizeti, mrehani, giligilani uliyoiacha ikachanua, chochote chenye ua la wazi. Swali la upande nini lina uzito mdogo kuliko swali la mmea huo umenyweshwa nini.

Kuhusu mzinga, usiweke sasa. Nyuki wa asali ni spishi moja kati ya hizo 20,000, kundi lake lina maelfu ya midomo, na katika bustani yenye maua machache litawanyang'anya chakula wale wachache wa ardhini unaojaribu kuwanusuru. Taa ya nje huwasumbua nondo, izime ukiweza.

Kanuni ninayoishika sasa, na ambayo nakusihi uishike hata kama utasahau mengine yote, ni kwamba mmea wowote utakaochanua hauwekewi dawa ambayo mmea huinywa na kuisambaza ndani yake, iwe kwenye udongo, kwenye mbegu au kwenye jani. Haijalishi imemwagwa saa ngapi. Ushauri wa kutumia dawa jioni wakati nyuki wamelala unazihusu zile zinazoua mdudu kwa kumgusa tu. Hii iliyo ndani ya mmea itakuwa humo kesho yake alfajiri ua litakapofunguka, na keshokutwa, na mwezi ujao. Kama mtu atakwambia kwamba nyuki hawaguswi, muulize dawa inapofika kwenye shina la ua huzuiliwa na nini.

Vidukari wako watoe kwa maji: elekeza mkondo wenye nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakisalia, changanya sabuni laini kidogo na maji mengi, uwapake jioni palepale walipo bila kulowesha maua. Sabuni huua kidukari iliyomgusa ikiwa mbichi, na ikikauka haina kazi tena. Kisha vumilia wiki mbili za majani mabaya. Ukiona vijidudu bapa visivyo na miguu, vya kijani au vya rangi ya maziwa, vikijikokota katikati ya vidukari, usiviguse: hao ni mabuu ya nzi wa maua, na wanakula.

Anza pia kuhesabu, ili msimu ujao usitegemee kumbukumbu. Mimi hutumia njia ambayo wananchi wa kawaida nchini Uingereza huitumia: dakika 10 mbele ya mraba wa sentimita 50 kwa 50 wenye maua, siku isiyo na mvua, nikiandika kila mdudu anayetua. Juzi nilipata 9 kwenye mrehani, na matundu ya kando ya njia yamefika 14.

Iwapo umekwisha kumwaga, ng'oa machipukizi yote ya maua kwenye mashina hayo kabla hayajafunguka, na uendelee hivyo msimu mzima, hata kama utakosa maboga mwaka huu. Mimea hiyo ukimaliza usiitupe kwenye mboji. Niandikie hapahapa jina la kiambato kilichoandikwa nyuma ya chupa, siku uliyomwaga, na mimea ipi imeguswa. Nitapita jioni kuangalia.